Mjusi wa Mtaliana kanenepa kupita kiasi, nampunguza vipi bila kumuua?

BintMkunazini

Asalaam alaykum wanajamvi. Kwanza naomba msinicheke. Nnae mjusi ndani. Si mjusi wa ukutani, si kenge, ni yule wa asili ya Australia mwenye miba miba kidevuni, Wataliana wanamwita pogona. Shemeji yangu alikuwa akifanya kazi nyumba ya Mtaliana kule Kiwengwa, sasa yule bwana kafunga virago karudi kwao na mjusi hakumchukua, akamwachia shemeji na tangi lake la kioo, mawe yake, na makopo ya funza wakavu utadhani kafungua duka. Dada yangu akakataa katakata kulala nyumba moja na mdudu yule, ndo akaletwa kwetu mjini kwa sababu mie ndo nnaejulikana sichagui wanyama, nishafuga mpaka komba.

Sasa tatizo: mnene jamani, mnene. Akitembea tumbo linaburura, kwapani kumetoka vifuko, nyuma ya macho kichwani pamejaa pamevimba, mkia pale unapoanzia umekuwa kama ndizi mkono wa tembo. Nimemtia kwenye mzani wa jikoni ule wa kupimia unga, gramu 690. Chakula chake ni hao funza wa kopo kila siku kikombe cha kahawa kizima, ndivo ilivoandikwa kwenye karatasi alokuja nayo. Halafu mama mkwe kampenda, kila asubuhi anamtilia kiini cha yai na boflo lilorowekwa maziwa, anasema maskini anatuangalia tunakula. Na watoto zile mvua za juzi waliokota kumbikumbi bakuli zima wakampa zote. Majani hayataki hata kuyatizama, nimempa mchicha kaukanyaga kapita zake.

Anashinda kalala tu chini ya jiwe. Taa yake ilipasuka kwenye gari wakati wa kumleta kwa hiyo saivi ana balbu ya LED ya kawaida. Watoto wanamwita Sultani.

Nataka kujua, nimfungishe kabisa wiki mbili hivi apungue? Na majani gani ya hapa kwetu anaweza kula? Mtaliana anapiga watsapu kila Ijumaa anamuulizia, sitaki nije nimwambie maiti ishazikwa.

Kibandamaiti_Boy

Dada watu wanatafuta kitoweo wewe unatafuta dayati ya mjusi 😂😂 gramu 690 hiyo ni zaidi ya nusu kilo, anakaribia kuku wa kienyeji. Halafu mie nilisikia darsani mjusi ukimuona ni kumuua sasa wewe unampikia yai?

Ila siri moja, mwambie mama mkwe na sie tunaangaliaga watu wakila mbona hatupewi

Mswahili_Maskati

Waalaykum salaam dada angu. Mie niko huku Maskati, nnao pogona wawili, huku wenyeji wanamfuga zaidi dhabu yule mjusi wa jangwani mwenye mkia wa miba anaekula majani, lakini pogona nao wapo madukani. Skia.

La kwanza kabisa USIMFUNGISHE. Tena ungeliandika hilo peke yake ningelikujibu usiku wa manane. Mjusi mnene ukimkatia chakula ghafla mwili unaanza kuyayusha mafuta kwa fujo yote yanakimbilia kwenye ini, ini linajaa mafuta linashindwa kazi, ndo anakufa na watu mnasema alikuwa mzima jana. Huyu hakunenepa kwa wiki moja na hatopungua kwa wiki moja, ni miezi.

La pili hilo la taa, na hapa ndo naona kiini cha mambo yote kuliko hata boflo la mama mkwe (samahani mama). Huyu mnyama hana moto wake mwilini kama sie, anauota. Bila ya pahala pa moto hasagi chakula, hatembei, hachomi kitu, kila kinachoingia kinakaa. Ndo maana kalala chini ya jiwe siku nzima, si uvivu huo, baridi. Utaniambia Unguja hakuna baridi, ni kweli chumba kina digrii 28 au 30, hiyo inamtosha upande wake wa kivuli, lakini pale anapoota panatakiwa pafike kama 38 hadi 42. LED haitoi moto, wala zile enaji seva. Tafuta balbu ya zamani ya waya, wati 60, au ya halojeni, ning'iniza upande mmoja wa tangi juu ya jiwe lake, upande wa pili uache bila kitu ili akichoka na joto akimbilie huko. Nunua kipimajoto chenye waya uweke pale pale juu ya jiwe, usikisie kwa mkono. Usiku zima kabisa, kwetu hakufiki pahala pa kumdhuru.

Na kitu cha tatu ni jua, na hapo nakuoneeni wivu nyie wa nyumbani. Huku nanunua taa za UVB, zile zinazotoa miale kama ya jua, pesa nyingi na kila baada ya miezi 6 hadi 12 unabadilisha kwa sababu inawaka lakini ile miale inakuwa ishapungua, na bila ya miale hiyo chokaa (kalsiamu) ya kwenye chakula haiingii mifupani, mifupa inakuwa laini. Wewe jua unalo bure. Mtoe asubuhi saa tatu mpaka saa nne na nusu kwenye kizimba cha waya, sio ndani ya tangi la kioo, kioo kinazuia ile miale halafu tangi juani linakuwa tanuri, anaiva humo kwa dakika chache. Muwekee na kivuli nusu.

Chakula. Pogona mdogo anakula wadudu wengi majani kidogo, akishakua mambo yanageuka, majani ndo yawe kama robo tatu na zaidi na wadudu ndo mboga ya pembeni. Wengi hawaligeuzi hilo ndo wanaishia na Sultani. Hao funza wa kopo ni mafuta matupu, na wakavu ndo kabisa hawana maji, watoe. Kumbikumbi nao mafuta. Yai na maziwa si chakula chake. Kwa huyu wako wadudu mpe mara mbili tu kwa wiki, panzi au nyenje, watatu wanne wanatosha, na mdudu asizidi upana wa baina ya macho yake mawili. Panzi wa kwenye nyasi zisizopigwa dawa, na mende wa ndani ya nyumba usimpe maana hujui kapita kwenye dawa gani. Na vimulimuli wale wanaowaka usiku watoto wasije wakamletea hata mmoja, ni sumu, mmoja tu anaweza kumuua.

Majani atayakataa mwanzo, hilo lijue. Ni kama mtoto alozoeshwa biskuti. Yaweke asubuhi akishaota moto akachangamka, yakate nyembamba, mtilie panzi mmoja mzima humo katikati ayakimbize ndani ya sahani, akimdaka anabeba na majani mdomoni. Usimpe mdudu mpaka aguse majani. Usihuzunike akikataa siku mbili tatu, yule ana akiba.

BibiShamba_Fuoni

Mwanangu mie mijusi siifahamu na wala siitaki lakini majani nayafahamu, na nna mjukuu anafuga kobe basi nimesoma kidogo kidogo.

Mchicha usiufanye ndo chakula cha kila siku, una kile kitu kinashika chokaa isiingie mwilini, spinachi pia vilevile. Mara moja moja haudhuru. KISAMVU KIBICHI USIMPE KABISA, kisamvu kina sumu mpaka kitwangwe kipikwe vizuri, na mtu anaweza kusema ah majani si majani. Parachichi na lenyewe usimpe, wala vitunguu.

Anachoweza kula ni majani ya mlonge, hayo yana chokaa nyingi na kila mtaa wa shamba una mti. Majani ya maboga yale machanga. Sukuma wiki ukiipata. Matembele changanya kidogo. Maua na majani ya hibiskasi ile nyekundu ya uani, mjukuu wangu kobe wake anaacha kila kitu kwa lile ua, jaribu na mjusi, rangi inawavuta. Boga bichi likwangue kwenye mbuzi ya nazi, au kwenye grata kama mbuzi nyie wa mjini hamna tena, linakuwa nyuzi nyuzi na ile rangi ya machungwa. Papai kipande kidogo cha kuonjea siku moja moja, sukari hiyo. Matango na saladi ni maji tu hayana kitu ila si haramu.

Ukinunua marikiti osha sana na roweka, siku hizi dawa zinapigwa mpaka kwenye bamia.

Na kitu kingine, ufukweni utaokota ule mfupa mweupe mwepesi wa dome (jamaa wa ngisi), ule tulokuwa tunauchora chora utotoni. Uroweke maji matamu siku kadhaa ukibadilisha mpaka chumvi itoke, uanike, halafu unakwangua unga wake unanyunyizia juu ya majani. Chokaa tupu ile. Wenye ndege wa kizimba wote wanautumia.

Ami_Mifugo

Nimefanya kazi ya mifugo umri wangu wote, ng'ombe na mbuzi zaidi, lakini mijusi ya wageni ilikuwa ikiletwa pia ikabidi kujifunza. Wenzangu wamesema vizuri. Naongeza yale ambayo naona yamerukwa.

Binti, kabla hujaanza kumpunguza, una hakika huyo Sultani ni dume? Kwa sababu jike wa aina hii anataga hata kama hajaona dume maisha yake, mayai yasiyo na kitu lakini ni mayai, na kwa mara moja anaweza kubeba ishirini. Mtu anamuona mnene anamnyima chakula, kumbe ana mayai na ndo wakati anaohitaji chakula na chokaa kuliko wakati wote. Mgeuze mkia juu pole pole, sio kumpindua chali, mulika tochi pale chini ya shina la mkia. Dume ana vimbe mbili kulia na kushoto na mfereji katikati. Jike ana moja tu katikati. Akiwa jike papasa tumbo kwa vidole bila kukandamiza, mayai unayasikia kama gololi ndani ya mfuko, mafuta ni laini yanatepeta. Na jike mwenye mayai hatulii, anachimba chimba pembe za tangi. Huyo atiliwe karai la mchanga wenye unyevu kina cha shubiri nzima atage, asipotaga apelekwe kwa daktari maana yakikwama yanaua.

Jengine, tumbo usilitizame wakati anaota moto. Wanajitandaza wakawa bapa ili wapate joto pana, kila mmoja anaonekana mnene wakati huo. Tizama kichwa, kwapa na mkia, na hivo alivovitaja vyote vitatu vipo, kwa hiyo mnene ni mnene. Wakubwa wengi wanachezea gramu 300 hadi 500 na kidogo, wako wenye umbo kubwa zaidi, ndo maana gramu peke yake haitoshi.

Mpime mara moja kwa wiki, siku moja ile ile, asubuhi kabla hajala, andika. Kushuka kidogo kidogo ndo kunakotakiwa. Akishuka ghafla, au akiacha kula kabisa na huku moto anao, au kile cheupe kinachotoka na kinyesi kikigeuka manjano au kijani, usingoje, hiyo yaweza kuwa dalili ya ini. Na kinyesi chake kibichi kitie kwenye kikopo safi kipelekwe kikapimwe minyoo, maabara ya mifugo iko pale Maruhubi, ulizia.

Mazoezi. Mtoe atembee sebuleni mlango umefungwa na paka yuko nje. Sahani iweke mbali na jiwe la kuotea, apande ashuke. Maji ya vuguvugu kwenye beseni yasipite mabega yake, dakika kumi, uko naye, anapiga piga miguu humo na choo kinapata kutoka. Na akitoka mkaushe, Zanzibar unyevu mwingi na yeye ni mnyama wa pakavu, tangi liwe na pahala pa hewa kupita hasa masika, vinginevyo ngozi na mapafu vinapata tabu.

Na kijana wa Kibandamaiti, hiyo uloisikia darsani imekuja kwa yule mdogo wa ukutani, rudi kwa maalim wako ukamuulize vizuri.

Kibandamaiti_Boy

Nimekubali ami 🙏 nilikuwa natania tu

Chukwani_Mpya

Kwani tabu yote hii ya nini, mpeleke Jozani muachie porini ajitafutie, mnyama wa porini mwisho wa siku ni porini. Mazoezi atayapata huko

Mswahili_Maskati

@Chukwani_Mpya hapana ndugu yangu. Pori lake liko Australia, na hata huko hakutokea, Australia hawaruhusu wanyama wao wa porini kuuzwa nje kibiashara, hawa wote tunaofuga ni wa kuzalishwa Ulaya, Marekani na kwengine, kizazi baada ya kizazi kwenye visanduku. Jozani msitu wa maji maji, siku mbili kashaumwa kifua au kashaliwa. Na akiponea ndo vibaya zaidi. Kunguru hawa weusi wenye shingo ya kijivu nani kawaleta Unguja, si waliletwa mwisho wa karne ya 19 eti wasafishe taka, leo wanakula makinda ya ndege wetu na vifaranga vya kila mtu na kuwatoa hakuwezekani. Tusianze na mijusi.

Na hapo nakumbuka dada angu, kizimba cha juani kiwe na waya na JUU, kunguru anashuka kwa sekunde moja.

BintMkunazini

Jamani Mungu akulipeni kheri, sikutegemea mtu kunijibu kwa heshima hivi.

Ami nimemulika tochi na mume wangu kashika mkia huku kafumba macho, vimbe mbili na mfereji katikati, kwa hiyo Sultani ni Sultani kweli. Mayai hamna, ni mafuta tu.

Balbu nimeipata Darajani, duka lile la vitu vya zamani linauza mpaka tambi za stovu, wati 60 ya waya. Kipimajoto kilikuwa kinasoma 31 kwenye jiwe lake kabla, baada ya balbu kapanda 39 na jamani mnyama KAAMKA. Kapanda juu ya jiwe mwenyewe, kajitandaza bapa kama ami alivosema, kafungua mdomo. Nilidhani anakufa nikakimbilia kugugo, kumbe kufungua mdomo ndo anapooza joto, kawaida yao.

Majani siku za mwanzo kakataa. Nikafanya ile ya panzi katikati ya sahani, kamfukuza panzi kamkosa kadaka jani la mlonge, kalitafuna kwa hasira kabisa. Ua la hibiskasi hilo hajadili, anakula mpaka kikonyo. Boga anachagua.

Kazi iliyobaki ni mama mkwe. Nimemueleza mambo ya ini akaniambia na marehemu baba mkwe madaktari walimnyima boflo na hakuacha. Nimempa kazi, yeye ndo mwenye zamu ya kukwangua ule mfupa wa dome na kukata majani, na anaruhusiwa kumpa papai kipande kama ukucha siku ya Ijumaa. Kakubali shingo upande. Mtaliana nae kapewa habari, karatasi ya kikombe cha kahawa anasema aliandikiwa dukani mjusi akiwa bado mtoto, hakuna alombadilishia.

Wiki hii mzani umesoma 683. Hiyo ni haraka sana au ndo sawasawa? Na kaka wa Maskati kasema wadudu mara mbili kwa wiki, je hao funza wanaofugwa siku hizi kwa ajili ya chakula cha kuku, wale wa inzi weusi, wanafaa? Jirani anawafuga. Panzi mjini shida mpaka niwatume watoto Mnazi Mmoja na pale sijui wanapiga dawa gani.

Ami_Mifugo

Gramu 7 kwa 690 haina wasiwasi, na sehemu yake yaweza kuwa choo tu. Ndo maana nikasema andika, utizame mwezi usitizame siku. Anakula, anaota, anatembea, endelea hivo hivo.

Funza wa inzi weusi wanafaa, chokaa wanayo nyingi kuliko wadudu wengine, ila hawakosi mafuta kwa hiyo wachache, na muulize jirani anawalisha nini. Kama wanalishwa mabaki ya jikoni na mboga sawa, kama ni kinyesi cha kuku wewe usichukue. Mnazi Mmoja usichukue panzi.

Mswahili_Maskati

Na kipupwe kikiingia Juni Julai usishtuke akilala sana na kula kidogo, wengine wanapumzika miezi ya baridi. Pima uzito, ukiwa umesimama mwache alale. Ukishuka ndo uanze kuuliza.

BintMkunazini

Sawa kaka, nimeandika kwenye kalenda. Bibi wa Fuoni mlonge wa huku mjini nilioupata ni wa kwenye ukuta wa barabara, moshi wa magari mtindo mmoja, nauosha lakini moyo hautulii. Wewe uko Fuoni ipi?

BibiShamba_Fuoni

Uani kwangu upo mkubwa mwanangu, hata hatuumalizi. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze. Njoo na mkoba uchume utakavyo, lakini huyo Sultani muache huko huko.